Tone kwa Tone

Neno letu la leo liko katika Waebrania, mlango wa 3, mahali tunapoonywa tusiifanye mioyo yetu kuwa migumu.

Akina mama wanaochemsha maji ya kisima wanajua jambo moja. Maji hayo ni maangavu, hayana doa. Lakini baada ya miezi michache, ndani ya birika huonekana ukoko mweupe, mgumu kama jiwe. Ni nani aliyeuweka? Hakuna. Umetoka katika maji yenyewe, chai baada ya chai.

Mvua inyeshapo, maji yake huchukua hewa ya kaboni dioksidi kutoka angani, na zaidi kutoka udongoni, penye mizizi na majani yanayooza. Maji yenye hewa hiyo huwa na ukali kidogo. Yakipita katika mawe ya chokaa huyayeyusha na kuyabeba, wala jicho halioni kitu. Tukiyachemsha, hewa ile hutoka, na chokaa haiwezi tena kukaa ndani ya maji. Hapo huganda.

Hata pasipo moto jambo hili hutendeka. Wanaofika Shimoni, katika Kaunti ya Kwale, huona pangoni vijiwe vinavyoning'inia kutoka juu kama nta ya mshumaa. Tone hutokeza, hewa yake hutoroka, chembe ya chokaa hubaki, tone huanguka. Linalofuata huacha chembe nyingine. Mara nyingi kijiwe cha namna hiyo hakiongezeki hata milimita 1 kwa mwaka mzima.

Tena tuna Ziwa Magadi, katika Kaunti ya Kajiado. Huko maji hupita katika mawe yaliyotokana na volkeno, yakachukua chumvichumvi zake, kisha hutokea kando ya ziwa katika chemchemi za moto. Hakuna mto unaotoka ziwani. Jua ni kali. Maji hupanda kama mvuke, lakini magadi hayapandi. Hubaki chini na kuganda, mwaka juu ya mwaka, hata mahali pengine unene wake hufika kama mita 40. Ndiyo magadi tunayotia kidogo katika maharagwe ili yaive upesi.

Ndugu msikilizaji, moyo nao hugeuka jiwe vivyo hivyo. Sisi wenyewe tulikaa miaka 7 bila kusalimiana na ndugu yetu, mtoto wa mama yetu. Na katika miaka hiyo yote tulipanda mimbarini tukahubiri upatanisho! Mama alipougua alituuliza, "Mwanangu, mlikosana wapi?" Tukatafuta jibu, tusilipate. Mara moja alichelewa kuleta fungu lake la karo. Mara nyingine hakufika katika harambee yetu. Siku moja alisema neno matangani, nasi tukalibeba mpaka nyumbani. Hakuna hata moja lililokuwa jiwe. Kila moja lilikuwa tone tu, nasi tukaliacha ligande.

Jumamosi moja tukaenda kwake. Njiani tulikuwa tumepanga maneno mengi ya kujieleza. Alipofungua mlango yote yakatupotea, tukasema tu, "Ndugu yangu, nimekosa." Hakujibu. Alituonyesha kiti, akaingia jikoni, akaleta chai. Tukanywa kimya. Miaka 7 haikuyeyuka siku ile, tusidanganyane. Lakini tulipoondoka alitusindikiza hadi barabarani, na juma lililofuata tulikutana naye kando ya kitanda cha mama. Mama alitutazama sote wawili, akafumba macho, akalala usingizi wa raha.

Wapendwa, mvua kubwa ikinyesha kule Magadi, maji hulifunika ziwa, na tabaka la juu la magadi yale magumu huyeyuka tena. Na mapango mengi ya mawe ya chokaa yalichimbwa na mvua, hayakuchimbwa na nyundo. Maji yaliacha jiwe, na maji yanaweza kuliyeyusha. Basi tusiseme kwamba jambo limekwisha kuwa kuukuu. Tusingoje pia siku ya machozi mengi na maneno makubwa. Salamu moja ni tone. Kikombe cha chai ni tone.

Katika Mathayo, mlango wa 5, Bwana anatuagiza tuiache sadaka yetu mbele ya madhabahu, kwanza twende tukapatane na ndugu. Jumapili inakuja, na meza ya Bwana itaandaliwa. Kabla ya siku hiyo, je, ni mlango wa nani tutakaoubisha?

Tuombe. Ee Bwana, unajua lililoganda ndani yetu, hata tulilolisahau chanzo chake. Utunyeshee neema yako, utupe miguu ya kwenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.