Kabati chini ya ngazi, na vitabu vya ubatizo



Mmezoea kutusikia tukizungumzia visima na zahanati. Leo tumekuja na jambo dogo: kabati la kujengea chini ya ngazi. Tunajua kabati haliwekewi jiwe la msingi wala halikatiwi utepe, na pengine ndiyo sababu halipati mfadhili upesi.

Katika ofisi zetu za ghorofa, chini ya ngazi hukaa viti vilivyovunjika, makopo ya rangi na maboksi. Tatizo ni yale maboksi. Mara nyingi ndani yake mna vitabu vya ubatizo na ndoa vya miaka ya nyuma, vimekaa juu ya sakafu, vikingoja maji ya kudekia na mchwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 535, zinaidai kila parokia iwe na vitabu hivyo na mahali pa kuvitunza, vile vya zamani pia. Kipaimara na ndoa huandikwa pembeni mwa jina la mbatizwa, kwa hiyo ukurasa mmoja ukiliwa, mchumba anakwama asipate cheti cha kufungia ndoa. Na mzee asiye na cheti cha kuzaliwa hutegemea cheti cha ubatizo anapoomba kuandikishwa serikalini.

Wengi hutuomba ghala jipya. Kwa maoni yetu, ghala lisubiri. Nafasi mnayo tayari, ina paa na iko karibu na meza ya katibu.

Ugumu wake ni mteremko. Ngazi yenye vidato vya kimo cha sentimita 17 na kina cha sentimita 28 huinama kiasi cha nyuzi 31. Maana yake, mlango wenye upana wa sentimita 50 utakuwa mfupi upande mmoja kwa takriban sentimita 30. Fundi asikate kwa kukisia. Achukue kwanza kiolezo cha boksi gumu, akijaribishe palepale, ndipo aguse ubao. Bawaba ziwe upande mrefu wa mlango, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi ya kuzitenganisha, na mlango hautalegea upesi.

Fremu ifungwe ukutani kwa skrubu na fisha. Zege la ngazi lenyewe lisitobolewe hovyo, kwani ndani mna nondo. Kabati liinuliwe sentimita 10 kutoka sakafuni, na nyuma liachwe wazi sentimita 5 ili hewa ipite na mchwa waonekane wanapopanda. Milango iwe na matundu juu na chini. Mbao ziwe kavu kabisa, za mninga kama mfuko unaruhusu, au za msindano zilizotiwa dawa. Ubao mbichi ukishafungwa hupinda, na mlango hautafunga tena. Tumeyaona hayo mara nyingi mno, hasa pale kamati inapoharakisha kazi imalizike kabla ya ziara ya Askofu.

Vitabu vikae upande mrefu, rafu za juu, kwa kufuli. Funguo ziwe mbili, ya Paroko na ya katibu. Upande wa chini ufae kwa mifagio na viti vya kukunja. Petroli ya jenereta, mafuta ya taa na mitungi ya gesi visiingie humo hata siku moja: moto ukiwaka chini ya ngazi, walio juu hawana pa kushukia.

Kwa wafadhili, ombi letu ni mbao, bawaba na vitasa. Ufundi utafanywa na vijana wa karakana yetu ya useremala chini ya mwalimu wao. Kila kamati ipime urefu, kina na kimo cha nafasi yake, ichore hata kwa kalamu ya risasi, na kutuletea. Mwalimu atapita kuhakiki kabla ubao wowote haujanunuliwa. Wakati huohuo, yale maboksi yatoeni sakafuni wiki hii, hata kama ni kuyapandisha juu ya meza.