Tusome Ramani Kabla ya Kubeba Mchanga

Dandora yetu ilichorwa kwanza, ndipo ikajengwa: miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mtu alipewa ploti yenye choo na bafu, vyumba akajijengea. Lakini leo kwenye mjengo fomeni akifungua ramani, wengi wetu tunatazama kando.

Tuanze na skeli. Ukiona 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ukuta. Ukiona Y12-200, hicho ni chuma cha milimita 12, na kutoka kimoja hadi kingine ni milimita 200. Hapa ndipo wizi huingia! Ukiletewa cha 10, uliza. Huruma, tarehe 29 Aprili 2016, ghorofa lilianguka usiku wa mvua, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Vijana wanataka kompyuta, na ni haki yao. AutoCAD huhamisha ukuta upesi kuliko raba na penseli. Ila haimkatazi mchoraji kusahau nguzo.

Basi mkikutana, leteni tepu. Pimeni chumba mlichoketi, mkichore kwa 1:50: kila mita, sentimita mbili.