Taarifa Isiyo na Siku Yake

(Maneno ya hotuba kwa wananchi wa Mokowe, Lamu)



Tulipodai vyama vingi, na Kifungu 2A kikafutwa Desemba 1991, haja yetu haikuwa wingi wa bendera. Tulitaka Bunge liwezalo kuiuliza serikali, hata pale serikali inaposhika bunduki. Je, sheria tuliyo nayo yauliza kweli, au ni pambo?

Katiba ya 2010, Kifungu 241, yasema kwamba jeshi likisaidia wakati wa dharura au maafa, litatoa taarifa kwa Bunge la Taifa. Likipelekwa kurejesha amani penye machafuko, sharti Bunge liidhinishe. Maneno mazuri. Lakini taarifa itolewe baada ya siku ngapi? Iseme nini? Idhini idumu muda gani? Hapo kifungu kimenyamaza.

Septemba 2015 operesheni ya Linda Boni ilianzishwa katika msitu ulio jirani yetu, dhidi ya Al-Shabaab. Ilitangazwa kuwa ya siku 90. Siku hizo zikaisha, operesheni ikaendelea miaka, hata ikaja kuitwa Amani Boni. Sisemi ulinzi haukuhitajika. Waliozika jamaa zao Mpeketoni Juni 2014 wanajua ulihitajika. Nasema kwamba siku ya 91 mkulima, mvuvi na Mwaweer wa msituni walistahili kuelezwa ni nani aliyeongeza muda, na kwa sababu gani.

Si kwamba ripoti ni chache. Kila mwaka Baraza la Usalama la Taifa hutakiwa kuripoti kwa Bunge, na mawaziri nao hutakiwa kuleta ripoti za mara kwa mara. Lakini afisa akiandika kwa kuwa ameamriwa, na mbunge akapokea kwa kuwa ameletewa, rundo hilo la karatasi huifunika ile karatasi moja yenye maana.

Tazameni mwaka 2024. Tarehe 25 Juni, siku ya maandamano, serikali ilitangaza kuliita jeshi. Kesho yake Bunge likaidhinisha. Tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu hakuizuia hatua hiyo, bali aliiagiza serikali itangaze, ndani ya siku mbili, mahali, kazi na muda wa wanajeshi hao. Maswali hayo yalikuwa ya Bunge, nayo yalipaswa kuulizwa kabla ya kura.

Basi tudai sheria fupi. Taarifa iwe na siku yake. Itaje mahali, kazi na muda. Isomwe hadharani, na siri za vita zisikilizwe faraghani. Muda ukiisha, idhini ife, isipokuwa Bunge limepiga kura upya.

Kafyu ilipowekwa hapa Lamu mwaka 2014, raia alihesabiwa saa. Serikali nayo ihesabiwe siku.