Samaki Anayejificha Si Mvivu: Mpe Maficho, Atatoka

Maneno ya afisa wa uvuvi kwa wakazi wa Kaunti ya Nakuru

 

Leo sizungumzii samaki wa kidimbwi wala wa ziwani. Nazungumzia wale wadogo wa kwenye tangi la kioo, ambao siku hizi wako sebuleni, madukani na hata madarasani. Malalamiko tunayopokea ni yale yale: "Nimenunua samaki watoto wamtazame, lakini anashinda nyuma ya kichujio. Hali, hatembei, na rangi imefifia." Mtoto anagonga kioo ili atoke. Hatoki. Mwishowe samaki anakufa, au mwenyewe anachoka na kummwaga mtoni. Yote mawili yanaweza kuepukika.

Tuanze na sababu. Samaki mdogo anazaliwa akiwa chakula cha wengine. Juu kuna mdiria na korongo, chini kuna samaki wakubwa. Ukimweka katika tangi tupu lenye mwanga pande zote, ni kama kumsimamisha mtu katikati ya uwanja usio na mti hata mmoja, akizungukwa na watu asiowajua. Kujificha kwake ni hofu, na hofu ina dawa.

Kwanza, kagua maji. Samaki akihema juu ya maji, akijikwaruza kwenye mawe au akiwa na madoa meupe kama chembe za chumvi, huyo si mwoga tu, anaumwa. Maji ya mfereji yenye klorini yaache kwenye karai wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kumbuka pia kwamba kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wazuri wa kuivunja huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea kwenye tangi jipya. Kwa hivyo anza na samaki wachache. Kila wiki badilisha robo ya maji, si yote. Sponji ya kichujio isuuze kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi, kwa sababu klorini ya mferejini huua bakteria hao.

Usiku wa Nakuru nao ni baridi. Samaki wa dhahabu huvumilia, lakini tetra, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa na wekundu mkiani, wanatoka mito ya joto ya Amazon. Wanataka nyuzi 24 hadi 26, kwa hivyo watahitaji hita na kipimajoto. Stima ikipotea, funika tangi kwa blanketi na usiwalishe mpaka irudi.

Pili, weka maficho. Wengi wanaogopa kwamba samaki akipewa maficho hataonekana tena. Ukweli ni kinyume: anayejua pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutembea. Weka mawe yaliyopangwa kama pango, kipande cha chungu kilicholazwa, na mimea, ikiwemo inayoelea juu ili kupunguza mwanga. Osha kila kitu kwa maji matupu, usitumie sabuni. Nyuma na ubavu mmoja wa tangi bandika karatasi nyeusi kwa nje. Haya yote hayagharimu pesa nyingi.

Tatu, mpe wenzake. Tetra huishi kwa kundi. Ukinunua wawili watakaa wakitetemeka pembeni. Nunua sita au zaidi, wa aina moja, kama tangi lina nafasi. Usiwachanganye na samaki wa dhahabu, kwani akikua anaweza kuwameza, na tena yeye hapendi joto wanalolitaka. Samaki mwoga akiona wengine wadogo na wapole wakiogelea bila wasiwasi, naye huona hakuna hatari.

Nne, turekebishe mienendo yetu. Msigonge kioo. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mitetemo ya maji, kwa hivyo ule mgongo mdogo wa kidole kwake ni kishindo. Tangi lisikae karibu na mlango au spika ya runinga. Taa ya tangi isiwashwe ghafla gizani, kwa sababu samaki hawa hawana kope za kufumba. Washa ya chumba kwanza. Saa 8 za mwanga kwa siku zinatosha. Mlishe wakati ule ule, mahali pale pale, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Kisha kaa kimya umtazame.

Wengine, kama ngogo, ni wa usiku kwa maumbile. Huyo mlishe baada ya kuzima taa, na usimlazimishe kuwa wa mchana.

Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa samaki sivyo. Mhesabie wiki. Wanafunzi, chukueni daftari, kila jioni mwandike: yuko wapi, amekula, rangi ikoje? Mtaona mabadiliko kidogo kidogo. Leo kichwa tu, kesho mwili mzima, baadaye anakuja mbele akiona mkono wenye chakula.

Na ukishindwa kabisa, tafadhali usimmwage mtoni wala ziwani. Sisi wa kaunti hii tunalijua hilo vizuri. Mwaka 1970 kamba wa maji baridi mwenye asili ya Marekani aliletwa katika Ziwa Naivasha. Aliongezeka na kutafuna mimea ya majini ambamo samaki na ndege walipata makao, na mpaka leo yumo. Kiumbe mgeni akishaingia ziwani, kumtoa ni kazi isiyo na mwisho. Mrudishe kwa muuzaji, mpe jirani mwenye tangi, au njoo ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe tushauriane.

Lakini kabla ya kufika huko, nenda nyumbani leo ukaangalie tangi lako. Kama samaki hana hata jiwe la kujisitiri, anzia hapo.