KAZI YA MPIGA FIDLA: JE, YAWEZA KUMLISHA MTU?

Mazungumzo kwa wazazi na vijana wa Thika na Ruiru



Liko swali ambalo wazazi wengi hujiuliza kimoyomoyo mtoto arudipo kutoka shuleni na kusema kwamba ataka kujifunza fidla. Swali lenyewe ni hili: kazi hiyo itamlisha? Ni swali la haki, wala si la kuonewa haya. Mtu achumaye kahawa upande wa Ruiru, au afanyaye kazi ya zamu katika kiwanda cha Thika, ajua thamani ya kila shilingi aitoayo kwa ajili ya karo. Kwa hiyo yafaa ajibiwe kweli tupu, pasipo maneno ya kumpamba wala ya kumtisha.

Kwanza yapasa kueleza ni muziki gani unaosemwa hapa. Huitwa muziki wa chumbani, kwa sababu hapo zamani ulipigwa katika vyumba vya nyumba za watu, si katika kumbi kubwa. Wachezaji wake ni wachache, tangu wawili hata wanane au tisa, na kila mmoja ana sauti yake peke yake. Hapana kiongozi anayesimama mbele na kijiti mkononi. Kundi lijulikanalo kuliko yote ni la watu wanne: wawili wapiga fidla, wa tatu apiga viola, ambayo ni fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, na wa nne apiga selo, chombo kikubwa kinachoshikwa katikati ya magoti. Katika okestra kubwa mtu akikosea aweza kujificha nyuma ya wenzake. Katika watu wanne hapana mahali pa kujificha. Ndiyo sababu wachezaji wanaoitwa kwenye tamasha la muziki wa namna hii huhesabiwa kuwa mafundi waliokwisha kupimwa katika mizani.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya Wazungu, hayawahusu Waafrika. Maneno hayo yana nusu ya kweli. Muziki wa chumbani ulikulia Ulaya. Lakini uta na uzi si wageni katika nchi hii. Wakikuyu walikuwa na wandindi, zeze la uzi mmoja lipigwalo kwa uta. Waluo wana orutu, na Waluhya wana siilili. Huko Unguja chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na mtu wa pwani hawezi kuifikiria taarabu bila fidla. Basi mtoto wa Thika ashikapo fidla, huenda babu yake angekitambua chombo hicho upesi kuliko baba yake.

Sasa na zitazamwe safari za watu watatu walioishi kwa muziki huu, ili ionekane jinsi riziki yao ilivyopatikana.

Wa kwanza ni Joseph Haydn, ambaye wengi humwita baba wa muziki wa watu wanne. Alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchi ya Austria. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi. Alipenda kupiga kinubi jioni, lakini hakujua kusoma noti hata moja. Mtoto alikuwa na sauti nzuri, akachukuliwa kwenda kuimba katika kwaya ya kanisa kuu la mjini Vienna. Alipokuwa kijana sauti yake ilivunjika, na kwaya haikumtaka tena. Akatoka bila fedha na bila kazi. Alipanga chumba kidogo chini ya paa, akafundisha watoto wa watu, akapiga fidla barabarani usiku, na kumtumikia mwalimu mmoja wa uimbaji, hata kumpigia viatu rangi, ili apate kufundishwa. Alipoalikwa katika nyumba ya bwana mmoja mwenye shamba, wapiga vyombo walikuwa wanne tu, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, naye akatunga muziki uliowatosha wanne hao. Huo ndio mwanzo wa nyimbo zake 68 za namna hiyo. Tangu mwaka 1761 aliajiriwa katika nyumba ya watawala wa ukoo wa Esterházy, akavaa sare kama watumishi wengine, akakaa huko karibu miaka 30. Alipokwenda London mwaka 1791, alipokewa kwa heshima kubwa, na fedha alizozipata huko zilizidi alizowahi kuziwaza alipokuwa akilala chini ya paa.

Wa pili ni mtu wa jirani. Justinian Tamusuza alizaliwa Uganda mwaka 1951. Alisoma muziki Belfast na kisha Marekani hata akapata shahada ya udaktari, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1988 alitunga kazi ya fidla mbili, viola na selo, akiipa jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Vyombo ni vya Ulaya, lakini mahadhi na mwendo wake ni vya Buganda. Kundi la Kronos la Marekani liliingiza sehemu ya kwanza ya kazi hiyo katika sahani yake ya mwaka 1992 iliyokusanya tungo za watu wa Afrika, na sahani hiyo ikasikilizwa duniani kote. Tamusuza hakulazimika kuacha lugha ya kwao ili asikilizwe ugenini. Bali lugha ya kwao ndiyo iliyomfungulia mlango, nayo kazi ya ualimu ndiyo iliyokuwa nguzo ya maisha yake.

Wa tatu ni kijana wa siku hizi, Sheku Kanneh-Mason, aliyezaliwa mwaka 1999 na kukulia Nottingham, Uingereza. Mama yake atoka Sierra Leone. Nyumbani mwao wamezaliwa watoto saba, na wote wapiga muziki. Sheku hupiga selo. Mwaka 2016 alishinda shindano kubwa la vijana la BBC, akiwa mtu mweusi wa kwanza kulishinda. Mwaka 2018 alipiga selo katika arusi ya Mwanamfalme Harry, mbele ya macho ya dunia. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa akipiga sebuleni pamoja na dada yake Isata mwenye piano na kaka yake Braimah mwenye fidla. Huo hasa ndio muziki wa chumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika safari hizi tatu yako mambo yanayofanana. Hapana hata mmoja aliyeanza kwa kulipwa. Wote walipata mwalimu mapema. Wote walicheza na wenzao kabla ya kusimama peke yao. Na wawili wa kwanza walifundisha wengine.

Huenda mzazi wa Ruiru akasema, "Hayo ni ya Vienna na Nottingham. Hapa kwetu mtoto aanzie wapi?" Jibu ni kwamba njia iko, ingawa ni nyembamba. Kituo cha kwanza ni shule, kwa maana Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwaita wanafunzi mwaka hata mwaka washindane kwa nyimbo na vyombo. Nairobi iko Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, karibu na Jumba la Michezo la Taifa. Hapo mwanafunzi hufundishwa chombo kimoja kimoja, naye aweza kufanya mitihani ya muziki ya London yenye daraja 8. Nairobi pia iko okestra iliyoanzishwa mwaka 1947. Na pale Kahawa, katika barabara ile ile iendayo Ruiru na Thika, kiko Chuo Kikuu cha Kenyatta. Majengo yake ya kwanza yalikuwa kambi ya askari hata mwaka 1965. Leo hufundishwa humo, pamoja na elimu nyingine, muziki. Washington Omondi, aliyefundisha muziki hapo, alikuwa mmoja wa watu watano walioutengeneza Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963, pamoja na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume na Peter Kibukosya. Nao waliujenga juu ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto.

Wala umaskini peke yake haufungi njia hii. Huko Korogocho, mtaa ulio karibu na jaa kubwa la takataka la Dandora, Elizabeth Njoroge na wenzake wamewafundisha watoto fidla, selo na tarumbeta chini ya mpango uitwao Ghetto Classics. Vyombo ni vya mpango, si vya mtoto. Waliotangulia huwafundisha wanaofuata, na kwa vijana kadhaa kufundisha huko ndiko kulikokuwa mshahara wao wa kwanza.

Thika yenyewe ina jambo la kuwafundisha wengine. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua hapo shule ya vipofu, ya kwanza katika Kenya. Watu wengi wajua kwamba vipofu husoma kwa nukta zilizobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa. Wachache wajua kwamba Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Paris, na kwamba kitabu chake cha mwaka 1829 kilieleza njia ya kuandika muziki pamoja na maneno. Kipofu husoma noti kwa kidole, akaziweka moyoni, kisha akapiga. Katika muziki wa watu wanne, ambamo sikio ni bora kuliko jicho, mtu huyo si wa kuhurumiwa. Ni wa kuogopwa.

Sasa na lijibiwe lile swali la riziki. Kenya haina desturi ya okestra kubwa za kulipa wapiga fidla mshahara kila mwezi, kama zilivyo katika miji ya Ulaya. Atakayemwambia mwanawe kwamba atatajirika kwa fidla peke yake, amdanganya. Lakini iko milango minne, na mchezaji mwenye busara hupita yote. Mlango wa kwanza ni ualimu, shuleni au nyumba kwa nyumba. Huo ndio unaolisha wengi. Wa pili ni bendi za serikali. Jeshi, Polisi na Magereza wana bendi zao, na Ruiru ndiko kiliko chuo cha mafunzo cha Magereza. Humo wapiga tarumbeta hupata nafasi kuliko wapiga fidla, basi yafaa kijana achague chombo akijua hayo. Wa tatu ni makanisa, arusi na karamu, ambako kundi la watu wanne huitwa kwa malipo. Wa nne ni kutunga na kupiga muziki wa kunaswa kwa ajili ya waimbaji, redio na sinema. Mtu mwenye kupita katika milango hiyo minne huishi, ingawa hapati usingizi mwingi.

Gharama nazo zisifichwe. Chombo kizuri ni ghali, nyuzi hukatika, uta huhitaji kutiwa nywele mpya, na mafundi wa kutengeneza ni wachache. Fidla haijui sikukuu: mwenye kuiacha mwezi mmoja huanza tena nyuma. Kabla ya kununua chombo, mzazi na amwache mtoto ajifunze kwa cha kuazima mwaka mzima. Akiendelea kuamka mapema bila kusukumwa, hapo mzazi ana ushahidi wa kutosha. Tena asiache masomo yake mengine, kwa maana mchezaji asiyejua hesabu huibiwa na kila mwenye ukumbi.

Jambo la mwisho lahusu mji, si mtoto. Mashariki ya Finland, karibu na mpaka wa Urusi, uko mji mdogo uitwao Kuhmo, uliozungukwa na misitu. Mwaka 1970 mpiga selo mmoja, Seppo Kimanen, alianzisha huko tamasha la muziki wa chumbani. Watu wangaliweza kucheka na kuuliza ni nani atakayesafiri mpaka msituni ili asikie fidla nne. Tamasha limedumu zaidi ya miaka 50, na wasikilizaji huja kutoka nchi za mbali, wakalala, wakala, wakaacha fedha mjini. Muziki wa chumbani hauhitaji jumba la fahari. Wahitaji chumba kisicho na kelele, viti, wachezaji wanne waliojiandaa, na watu waliokubali kunyamaza. Kanisa la Thika laweza kuwa chumba hicho, na ukumbi wa shule ya Ruiru waweza pia.

Basi mzazi aulizapo kama fidla itamlisha mwanawe, na ajibiwe hivi: haitamlisha kama mshahara wa ofisi umlishavyo karani, bali itamlisha kama shamba limlishavyo mkulima, kwa jasho la kila asubuhi na kwa mazao zaidi ya aina moja. Mtoto aliyeelezwa hayo mapema, na bado akashika uta wake, amekwisha kuchagua kazi yake kama mtu mzima, naye astahili kusaidiwa.