Tuliyoyaona Tulipofanya Mafunzo ya Kazi Kampala

(Hotuba ya vijana wa kambi, iliyosomwa katika sherehe ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni)



Tarehe kama ya leo, mwaka 1974, ndipo ulipoanza kutumika Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1969. Tangu mwaka 2001 dunia nzima huiadhimisha siku hii. Kamati imetuomba tusimame mbele yenu, sisi vijana sita wa hapa Nakivale tuliofanya mafunzo ya kazi kwa miezi mitatu mwaka 2024 katika shirika moja kubwa la hisani mjini Kampala. Wazee wetu waliotoka Kongo huiita staji. Jina la shirika hatutalitaja, maana hatukuja kumshitaki mtu. Tumekuja kusema tuliyoyaona.

Ndugu Mwenyekiti, tulipoondoka hapa mlituaga kwa shangwe. Wengine mlisema, "Sasa watoto wetu wameingia ndani, mambo yetu yatanyooka." Tulipanda basi Mbarara tukiwa na mashati yaliyopigwa pasi. Hatukujua kwamba Kampala tutalala sita katika chumba kimoja kule Katwe, chumba cha aina ile wenyeji wanayoiita muzigo. Shirika lilitupa fedha ya nauli na chakula cha mchana tu. Huku Uganda, kama mjuavyo, posho ni ugali. Basi sisi tulipokea posho iliyotosha kununua posho. Taksi tulipanda asubuhi ili tusichelewe, jioni tulirudi kwa miguu zaidi ya saa nzima.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Mwezi wa Agosti 2015 magazeti ya dunia yaliandika habari za kijana wa New Zealand, David Hyde, mwenye umri wa miaka 22, aliyekuwa akifanya mafunzo ya kazi bila malipo katika Umoja wa Mataifa, Geneva. Alilala katika hema kwa sababu hakumudu kodi ya nyumba. Baadaye alieleza kwamba alikusudia watu wayaone mambo hayo. Tuliposimuliwa habari hii tulicheka kidogo. Hema moja Geneva lilishangaza dunia, na sisi hapa tumezaliwa hemani.

Sasa tuwaeleze kazi yenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa langoni. Watu walikuwa wamekwisha kufika, na wengine walilala penye ukuta. Walikuwako Wakongo, Wasomali, Waeritrea, Warundi na ndugu wa Sudani Kusini. Mlinzi aligawa namba, na namba zilipokwisha, waliobaki waliambiwa warudi kesho. Sisi tuliandika majina, tulipanga mafaili, tulipiga fotokopi, tuliwasindikiza wagonjwa Mulago ili kuwatafsiria kwa daktari. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ukalimani. Ofisa akisema Kiingereza, sisi twasema Kiswahili. Mama akisema Kiswahili, sisi twasema Kiingereza. Kanuni tuliyofundishwa siku ya kwanza ni moja: usiongeze, usipunguze.

Tunakiri kwamba tulijifunza mengi mema. Tulijifunza kuandika ripoti, kutumia kompyuta, kutunza siri ya mtu. Tulikuta maofisa wenye moyo, waliokaa ofisini hadi usiku kwa ajili ya mtoto mmoja aliyepotelewa na wazazi. Tena tulielewa jambo ambalo hapa kambini hatulielewi. Sisi hudhani shirika ni ghala, na kwamba mwenye ufunguo ni mchoyo. Sivyo. Fedha hufika zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi na aliyezitoa. Fedha ya vyoo haiwezi kununua dawa, hata kama mgonjwa yuko mlangoni. Mgao wetu wa chakula ulipopunguzwa hadi asilimia 70 mwezi wa Aprili 2020, kisha hadi asilimia 60 mwezi wa Februari 2021, hakuna ofisa wa dirishani aliyeamua. Na mapema mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake ya nje, baadhi ya waliotufundisha kazi walipoteza kazi zao. Yule tuliyedhani ana nguvu zote naye alikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mfukoni.

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, liko jambo moja lililotuuma, na ndilo hasa lililotuleta hapa mbele.

Siku moja alifika mama mmoja wa huku kwetu kambini. Jina lake hatulitaji. Alimwona mmoja wetu, akafurahi, akasema, "Mwanangu, leo Mungu amenikumbuka, niko na mtu wangu." Ilikuwa safari yake ya tatu kwa shauri lile lile la kuomba mtoto wake mgonjwa agharimiwe matibabu. Ofisa alifungua faili, akalitazama, akalifunga, akasema arudi baada ya wiki mbili. Mwenzetu akatafsiri: "Mama, urudi baada ya wiki mbili." Mama akashukuru, akaondoka.

Jioni tulipokuwa tukirudisha mafaili kabatini tuliiona barua. Ombi lilikuwa limekataliwa tangu mwezi wa tatu. Ilikuwa sasa mwezi wa kumi. Hakuna aliyetaka kumwambia. Kila ofisa aliyekuta faili lile aliona uchungu, akampa mama tarehe nyingine.

Usiku ule hatukulala vizuri pale Katwe. Wengine walisema kanuni ni kanuni, mkalimani hana maneno yake. Wengine walisema, je, kama angekuwa mama yetu? Tulibishana hadi saa saba. Na katika kubishana huko tuliungama jambo la aibu zaidi: sisi wenyewe, kwa wiki zile chache, tulikuwa tumekwisha kuzoea kusema "njoo wiki ijayo" pale langoni. Hatukutumwa. Tulisema hivyo kwa sababu mtu akisikia "wiki ijayo" huondoka kwa amani, na foleni husogea. Tulikuwa tumekaa upande ule wa meza kwa siku arobaini tu, nasi tulikuwa tumekwisha kujifunza.

Asubuhi tulikwenda sote sita kwa mkubwa wa idara, tukamweleza kwa heshima. Hakukasirika. Aliita faili, akaisoma barua, akakaa kimya. Wiki mbili zilipotimia mama alirudi, na mkubwa mwenyewe ndiye aliyempokea. Alimwambia kwamba ombi limekataliwa, akamweleza sababu, akamwonyesha mahali pengine pa kujaribu. Mwenzetu alitafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Mama alilia. Kisha akafuta machozi, akasema maneno ambayo hatutayasahau: "Asanteni. Laiti mngaliniambia mwezi wa tatu. Nauli za safari hizi zote niliuza maharage. Ningalibakiza mbegu."

Ndugu zetu, wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayetoa tarehe hajui nauli ya basi. Sisi tunaijua, nasi tulinyamaza. Kwa hiyo leo, mbele ya Kamati, tunamwomba mama yule radhi, popote alipo katika mkutano huu.

Baada ya hayo tuna maombi machache.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, tunaomba neno "hapana" lisemwe waziwazi likiwa ndilo jibu, na lisemwe mapema. Mtu akiambiwa hapana atalia siku moja, kisha atapanda shamba lake. Anayeambiwa kesho kila siku hapandi kitu. Kama jibu halijapatikana, semeni halijapatikana, na mwambie mtu asipande basi mpaka aitwe kwa simu.

Tena tunaomba kijana mkimbizi anayekuja kujifunza afundishwe, asiwe kibarua wa bure. Tulielewa kwamba mwanafunzi halipwi kama ofisa. Lakini mkalimani anayefanya kazi kutwa, siku tano kwa wiki, miezi nenda miezi rudi, huyo si mwanafunzi tena. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Basi kazi iitwe kazi.

Kwenu wazazi wetu, tunaomba mtusamehe tuliporudi mikono mitupu. Wapo waliosema tumekula fedha za Kampala, na wapo waliokasirika kwa sababu hatukusogeza mafaili yao juu. Wazee wetu, tungesogeza la shangazi, tungeshusha la nani? Kila faili kabatini lilikuwa la mtoto wa mtu. Mkiona kijana wenu anakataa kuvuka foleni kwa ajili yenu, msimlaani. Hapo ndipo mjue alifundishwa vizuri.

Kwenu vijana wenzetu, msiogope kwenda. Nendeni, lakini kabla ya kupanda basi ulizeni: Nani atalipa nauli na chumba? Nani atatufundisha, na kitu gani? Ni miezi mingapi? Tutapewa karatasi gani mwishoni? Swali hili la mwisho msilidharau. Vyeti vya sekondari tulivyokuja navyo kutoka Kongo havina budi kulinganishwa na UNEB kwanza, na jambo hilo linataka fedha na subira. Barua ya shirika yenye sahihi na mhuri inaweza kukufungulia mlango huku ukisubiri. Sisi sita tulipewa barua hizo, na wawili wetu sasa ni wakalimani wanaolipwa. Tunashukuru.

Mwisho, tumezungumza na Kamati, nayo imekubali kwamba kila Jumamosi asubuhi sisi sita tutakaa chini ya mti mbele ya ofisi ya Kamati. Aliye na barua ya shirika asiyoielewa ailete, tutamsomea. Hatuna fedha, wala hatuwezi kubadili jibu. Ila tutakusomea kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, na kama ni hapana tutakuambia ni hapana.

Mungu awabariki, Mungu alinde nchi tulizoziacha na nchi iliyotupokea.