Kati ya figo ya mtoto na haki ya kusikilizwa

Msikilizaji, turudi Aprili 2024. Mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba toleo moja la Benylin ya watoto, dawa ya kikohozi iliyotengenezwa Afrika Kusini, lina kiwango kikubwa cha dayethilini glaikoli, sumu inayoharibu figo. Kenya, Tanzania na Rwanda zikaliondoa sokoni kwa tahadhari. Kampuni ya Kenvue, yenye chapa ya Benylin, ikajibu kuwa imepima toleo hilo na haikukuta sumu.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Mama anapomimina dawa kijikoni usiku, mtoto akikohoa mapajani, haoni kilichomo. Ni tamu, basi. Tegemeo lake ni mkaguzi.

Je, dawa iondolewe kabla mtengenezaji hajasikilizwa? Tuanze na upande wa serikali. Mwaka 2022, vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia vilihusishwa na dawa za maji zenye sumu ya aina hii. Hatari hiyo haingoji kesi.

Tugeukie upande wa pili. Mtengenezaji na mwenye duka nao wana haki: wapewe sababu kwa maandishi, wasikilizwe, wakate rufaa. Tangazo moja lenye kosa laweza kufunga biashara.

Kwa maoni yangu, dawa itolewe rafuni kwanza, kisha kusikilizwa kufuate upesi, na majibu ya maabara yatangazwe. Linabaki swali, msikilizaji: majibu mawili yakipingana, nani apime mara ya tatu, sote tumwamini?